Mwaka wa Kumgeuza Mkwe

Kila fundi wa nguo aliyewahi kunipima mabega huniuliza swali lilelile: "Mama, uliwahi kuvunjika bega?" Hapana, sijawahi. Bega langu la kulia limejaa kuliko la kushoto, si sana, lakini utepe wa fundi haudanganyi. Nimekuwa mkufunzi wa mazoezi kwa zaidi ya miaka ishirini, nimenyoosha migongo ya makarani na magoti ya madereva, siku hizi nafundisha hata wale watakaokuwa makocha, na bado bega langu mwenyewe halijakubali kulingana na mwenzake. Zamani lilinikera. Sasa nikilitazama kwenye kioo nacheka, kwa sababu najua lilitoka wapi, na najua kwamba Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuna watu wengine wengi wenye bega kama langu, ambao wakikutana harusini hutambuana kwa jinsi koti lilivyokaa.

Jumamosi iliyopita tulikutana karibu wote. Mwalimu Ndegwa, aliyetufundisha kuinua vyuma, alikuwa anatimiza miaka themanini, na kanisa lililompa stoo yake ya nyuma kule Shauri Moyo limeamua hatimaye kuibomoa ili lijenge madarasa. Alinipigia simu mwenyewe, maana kuandika ujumbe hataki. "Mueni, njoo na hao wanafunzi wako wa ukocha. Waje wamsalimie Mkwe kabla hajahama." Mkwe si mtu, ni chuma cha kuinua. Nikakata simu nikakaa kitini muda mrefu, chai ikapoa, kwa sababu jina hilo lilinirudisha kwenye mwaka mmoja nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka ulionifanya niwe hivi nilivyo. Nitausimulia huo tu. Habari za nyumbani kwetu, nani alimzaa nani na nani alihamia Nairobi lini, waulizeni ndugu zangu. Wao hawachoki kuzisema.

Stoo hiyo ilijengwa kwa matofali hadi kiunoni na kwa mabati kuanzia hapo kwenda juu, kwa hivyo asubuhi ulitetemeka na saa nane mchana ukaokwa. Ilikuwa nyembamba. Katikati palikuwa na benchi la mbao lililotiwa saruji miguuni lisiyumbe, na kando ya benchi panda mbili za chuma za kupumzishia mzigo. Ukutani palikuwa na kioo cha kabati kilichopasuka pembeni na ratiba ya kwaya ambayo hakuna aliyethubutu kuibandua. Kutoka soko la Gikomba zilikuja kelele za nyundo za mafundi tangu asubuhi hadi jioni, na kutoka uani, hatua chache tu, ilikuja harufu ya jiko la Mama Wambui, mke wa Mwalimu, aliyeamini kwamba hakuna binadamu anayepaswa kuinua kitu akiwa na njaa. Jumatatu ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe. Jumatano ndengu na chapati, na Jumatano hiyo hata wale waliodai kuumwa mgongo walipona. Nimefundisha katika vyumba vyenye zulia na kipoza hewa, lakini sijawahi kuona watu wakija mazoezini kwa furaha namna ile.

Mwalimu Ndegwa alikuwa fundi wa kuchomelea Gikomba, mfupi, kifua kama debe, sauti nyembamba usiyoitarajia kutoka kwa kifua hicho. Vifaa vyote alivitengeneza mwenyewe. Mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wao: bomba nene la maji, na kila upande mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliojazwa saruji, mikebe miwili iliyofanana kabisa, ikapakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa kanisa. Aliitwa Mkwe kwa sababu ulimwendea kwa heshima, ukiinama, na hukumsema vibaya. Na kwa vile chumba kilikuwa chembamba, benchi limeganda sakafuni na dari liko karibu na kichwa, Mkwe hakugeuka. Alikaa kwenye panda zake hivyohivyo mwaka nenda mwaka rudi, sisi tukalala chini yake vichwa vikielekea dirishani, tukamsukuma juu, tukamrudisha. Aliyetaka kumgeuza ingebidi amtoe mlangoni hadi uani, amzungushe huko, amrudishe. Nani angejisumbua hivyo, na kwa sababu gani?

Mwaka huo nilikuwa nimeanza masomo ya usiku kwenye chuo kimoja mjini, ya kupata cheti cha ukufunzi. Chumba cha mazoezi cha hoteli moja kilikuwa kimeniahidi kazi mwaka ukiisha, lakini kwa sharti: hakuna cheti, hakuna kazi, na nafasi apewe mwingine. Hebu fikiria msichana wa Shauri Moyo aliyekuwa akishinda anapanga mitumba ya watu Gikomba, halafu aambiwe kuna mahali watamwita kocha na kumpa sare yenye jina lake. Nilikitaka cheti hicho mpaka nikakiota. Mchana nilisoma juu ya marobota ya nguo, giza likiingia nikaenda darasani, na saa zilizobaki nilikuwa kwa Mwalimu nikimchosha kwa maneno mapya. Nilimwambia kwamba msuli ni nyuzi nyingi zilizofungwa matita kwa matita, kwamba mwili ni bahili, huziita kwanza zile ndogo zisizochoka upesi, na zile kubwa zenye nguvu huziacha zilale mpaka mzigo uwe mzito kwelikweli. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Sasa hiyo si ndiyo nawaambia kila siku?" akasema. "Msuli ni mtoto wa shule. Mpe hesabu ya jana, atasinzia. Mpe ya darasa la nane akiwa la tatu, atalia. Mwongezee kidogokidogo, halafu mwache akale na alale." Nilikwenda chuo wiki iliyofuata nikakuta sura nzima ya kitabu inasema hayohayo kwa kurasa ishirini.

Mtihani mkubwa ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi achague mtu mmoja mwenye tatizo, amfundishe wiki kumi na mbili, ampime mwanzo, katikati na mwisho, kisha aje asimame mbele ya mkufunzi aeleze kilichotokea na kwa nini. Nikamchagua Musyoka. Musyoka alikuwa mchonga vinyago, mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mcheshi, aliyechonga twiga kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa tezo katika mkono wa kulia. Mkono huo ulikuwa chuma. Wa kushoto ulikuwa wa kushikia tu, na bega lake lilimuuma kila alipoinua gogo. "Sista," aliniambia, "mimi ni watu wawili walioshonwa pamoja, na huyu wa kushoto hafanyi kazi." Nilimpima kwa mtungi wa plastiki wa maji, kwa sababu lita ya maji ni kilo moja popote uendapo. Unaongeza lita, anausukuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja, unaongeza tena, hadi ashindwe. Kulia lita kumi na nne. Kushoto tisa.

Kwa kuwa mtungi ulikuwa pale, wengine nao wakataka kupimwa, maana kwa Mwalimu hakuna kitu kilichofanywa na mmoja bila wote kupanga foleni. Kila mtu kulia kulimshinda kushoto, na kwa lita nyingi, nami nikajisemea ni kawaida, watu hutumia kulia. Kisha akaja kijana mmoja wa Ziwani ambaye ni wa mashoto. Anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto, hata ngumi anarusha kwa kushoto. Kulia lita kumi na mbili, kushoto tisa. Nikampima tena. Vilevile. "Labda nimeamka vibaya," akasema, akaenda zake, lakini mimi nilisimama pale na mtungi mkononi, kwa sababu hapo hapakuwa na maelezo mengine. Nikageuka nikamtazama Mkwe.

Jioni hiyo nilibaki wa mwisho, kama nilivyozoea, maana ufunguo mmoja, wa kufungia, ulikuwa kwangu, na mwingine kwa Mwalimu. Nikapima katikati ya bomba kwa uzi, nikatia alama ya chaki, nikafunga kamba hapo na kumning'iniza Mkwe kwenye boriti. Upande wa kulia ulishuka taratibu hadi ukakaa sakafuni, bila aibu. Nikakumbuka hadithi ambayo Mwalimu aliisimulia mara nyingi kwa fahari: kwamba alipotia saruji mkebe wa kwanza alikuwa na kokoto, na alipofika kwenye wa pili kokoto zikaisha, basi mafundi wenzake wakamchangia nati na boliti zenye kutu, akazichanganya humo. Kwake yeye mkebe ulikuwa mkebe: ukubwa mmoja, uzito mmoja. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tukisukuma kokoto kwa kushoto na chuma kwa kulia.

Nilikusudia kumwambia kesho yake. Naapa nilikusudia. Nilikuja mchana nikiwa nimeyapanga maneno, nikaingia stoo kufuta benchi huku nikimsubiri, na nje uani nikamsikia akiongea na mchungaji, vikombe vikigongana. Mabati hayafichi kitu. Mchungaji alimuuliza kama kuna mahali alisomea hayo mambo ya viungo, kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wakitaka kujua. Mwalimu akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Mchungaji, mimi sina cheti hata kimoja. Cheti changu ni hicho chuma kilichoko humo ndani. Miaka yote hakijamvunja mtu." Nikaketi kwenye benchi na kitambaa mkononi. Ningetokaje nje nimwambie mtu huyo kwamba cheti chake kimepinda? Mimi niliyekuwa nikikimbilia cheti cha karatasi mjini? Nilimpenda sana Mwalimu, na nilimwogopa kidogo, na vyote viwili vilinifunga mdomo.

Basi nikatafuta njia ya adabu. Ningemgeuza Mkwe kimyakimya kila jioni baada ya wote kuondoka. Leo uzito uwe kushoto, kesho kulia, keshokutwa kushoto, na baada ya miezi michache Shauri Moyo nzima ingenyooka bila mtu kuaibika. Hesabu yangu ilikuwa tamu zaidi kwa Musyoka. Nilianza kugeuza Jumamosi, Jumapili hatukufungua, kwa hivyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa uzito ungekuwa kushoto, na siku hizo ndizo nilizompangia yeye peke yake. Mkono wake mvivu ungebebeshwa zaidi kwa wiki kumi na mbili, bila yeye wala Mwalimu kujua. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Kila jioni nilimkokota Mkwe hadi uani, nikamzungusha, nikamrudisha kwenye panda nikihema, upande kwa upande, kisha nikafunga mlango. Sikuweka alama kwenye mikebe, ya nini? Nageuza kila jioni, basi najua.

Wiki ya pili Musyoka akasema, "Sista, mbona huyu wa kulia ndiye anayewaka moto?" Nikamjibu bila kusita. Wiki za mwanzo, nikamwambia, nguvu haitoki kwenye msuli, inatoka kwenye neva. Ubongo unajifunza kuziamsha nyuzi zilizolala, na kule kulia zimezoea kuitwa, ndiyo maana zinajibu haraka. "Aiyaa," akasema kwa heshima. Wiki ya nne akasema tena, nikampa maelezo mengine marefu zaidi. Maelezo yote yalikuwa ya kweli, yako kitabuni hadi leo, na yote yalikuwa hayahusiani na kilichokuwa kikitokea. Hata mimi mwenyewe nilihisi kulia kukichoka kila siku, nikajiambia ni marobota ya Gikomba. Nawaambia wanafunzi wangu sasa: mtu akikuambia mahali anapoumia, nyamaza kwanza. Wanaandika. Hawajui ninavyoona haya nikisema hivyo.

Wiki ya sita ikawa siku ya kupima. Ilikuwa Ijumaa, watu wamejaa, Mama Wambui ameleta mayai ya kuchemsha kwenye beseni. Musyoka akavua shati, akajipigapiga kifua, wengine wakamshangilia. Kulia: lita kumi na saba. Vigelegele. Kushoto: lita tisa na nusu. Nikamwaga maji, nikajaza upya, tukarudia. Tisa na nusu. Pengo lilikuwa limepanuka, na ndivyo ningelazimika kuandika kwenye karatasi ya chuo. "Si mbaya," Musyoka akasema, akanigusa bega, maana aliuona uso wangu. "Huyu wa kulia amefurahi." Nikatabasamu, nikaenda nyuma ya stoo nikalia. Nilikiona cheti kikienda, na sare ya hoteli ikivaliwa na mtu mwingine, na nilivyoona, nilistahili hivyo, kwa sababu nilikuwa nimejaribu kutibu watu kwa siri. Usiku huo niliamua: kesho asubuhi na mapema ningempima Mkwe tena kwa kamba, kisha ningemwambia Mwalimu kila kitu, liwalo na liwe.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Jua lilikuwa halijatoka vizuri. Uani nikamkuta Mwalimu Ndegwa amevaa fulana na kaptura, taulo limezungushwa kwenye mikebe ya Mkwe ili isigonge, anamzungusha polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Aliponiona alisimama wima.

"Mueni! Mbona asubuhi hii?"

"Na wewe, Mwalimu?"

Akatazama taulo. Akatazama mlango. "Namgeuza," akasema.

"Unamgeuza tangu lini?"

"Tangu Jumatatu iliyofuata ile asubuhi nilipokuta kamba yako kwenye boriti na chaki kwenye bomba. Ulidhani sitaona? Nilimning'iniza mwenyewe nikaona. Upande mmoja mzito." Akalikaza taulo kwenye mkebe. "Nikasema, Mungu wangu, nimewapinda watoto wa watu. Nikaona haya kuwaambia. Nikasema nitamgeuza kila asubuhi, siku moja huku, siku moja huku, mpaka wanyooke."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili."

"Mwalimu," nikasema, "mimi namgeuza kila jioni."

Ilimchukua muda. Niliona midomo yake ikihesabu. Jioni anageuka, asubuhi anarudi, jioni anageuka, asubuhi anarudi. Kwa wiki sita watu wawili wenye akili timamu walikuwa wakivunja migongo yao kumtoa Mkwe nje na kumrudisha palepale alipokuwa, na kila mtu kati yao akiwa na uhakika kwamba anafanya kazi ya maana. Mwalimu akakaa juu ya Mkwe. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, kisha sauti ikaja, nami nikaketi chini kwenye vumbi nikashika mbavu. Mama Wambui alitoka na mwiko mkononi akidhani kuna wezi. Alipoelezwa alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Na nyinyi ndio wa kufundisha watu," akarudi jikoni. Lakini tulimsikia huko ndani naye akicheka hadi akakohoa.

Alituletea uji wa wimbi, na kicheko kilipoisha Mwalimu akawa na huzuni. Alizungusha kikombe mkononi. "Ungeniambia, binti yangu," akasema. "Uliniona mtu wa kufichwa?" Lilinichoma hilo kuliko mtungi wa Musyoka. Nikamwambia nilimsikia akiongea na mchungaji, juu ya cheti chake, nikashindwa. "Na mimi," akasema, "nilisema, huyu msichana amegundua na hajasema, basi ananidharau au ananihurumia. Sikujua ni kipi kibaya zaidi." Nikamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, mkono wake ukiwa mgumu kama soli. Nilimwambia sikumdharau hata siku moja. Akasema hata yeye anajua, sasa anajua. Kisha akamalizia uji wake, akafuta mdomo, akasimama. "Basi kuanzia leo," akasema, "anayegeuza anageuza kwa sauti."

Jioni hiyohiyo aliwaambia wote, yeye mwenyewe, akiwa amesimama kando ya benchi na shati la kanisani limefungwa vifungo hadi shingoni. Hakujitetea. Alisema kokoto ziliisha, akaweka nati, akadhani mkebe ni mkebe, na kwamba mtu yeyote anayetaka kukasirika ana ruhusa. Halafu yule wa mashoto akavua fulana akakimbilia kioo. "Wasee! Ndio maana!" Wote wakavua, wakasukumana mbele ya kile kioo kilichopasuka, wakipimana mabega kwa mikono. Mmoja akalalamika kwamba fundi wake wa nguo alimshauri aende hospitali. Musyoka alinijia taratibu, ameshika kiuno. "Kwa hivyo neva zangu hazikuwa na neno?" akaniuliza. Nikakiri mbele ya watu wote kwamba neva zake zilikuwa sawa kabisa. Ananitania kwa hilo mpaka leo.

Kuanzia siku hiyo, kila baada ya seti, watu wawili walimshika Mkwe, wakamtoa nje na kumrudisha, na wengine wakapiga kelele, "Geuza!" hadi majirani wakadhani tumeanzisha dhehebu. Kazi hiyo ya kutoka na kuingia nayo ilijenga mapaja. Kuna aliyeshauri tupake alama nyekundu upande mzito. Mwalimu alikataa. Tukiweka alama, alisema, watu wataacha kuambiana. Kwa Musyoka nilihakikisha uzito unakuwa kushoto kila mara, nikaongeza mtungi wa maji kwa mkono huo peke yake, ushuke polepole kuliko ulivyopanda, kisha siku ya kupumzika. Wiki sita zilizobaki zilipoisha, kushoto akainua lita kumi na nne. Kulia alibaki na kumi na saba. Hawakulingana. Lakini aliinua gogo la mti mbele yangu bila kukunja uso, akalibeba hadi kwenye kibanda chake, na nilihisi furaha ambayo cheti hakikuweza kuizidi.

Chuoni mkufunzi wetu, mama mkali ambaye miwani yake ilining'inia shingoni muda wote, aliweka kidole kwenye wiki ya sita ya karatasi yangu. "Hapa mtu wako ameharibika. Kwa nini?" Ningeweza kusema neva. Ningeweza kusema alikosa kulala, alikula vibaya. Nikamwambia habari ya kokoto na nati, ya jioni na asubuhi, ya taulo. Alivaa miwani kunitazama vizuri. Alipomaliza kucheka alisema, "Andika hayo. Yote. Hiyo ndiyo sehemu utakayowafundisha wengine." Nikapita. Kazi ya hoteli nikaipata, na sare yenye jina langu bado ninayo, ingawa siku hizi bega moja haliingii.

Basi Jumamosi iliyopita nilifika Shauri Moyo mapema, na wanafunzi wangu wanane. Uani palikuwa na hema, viti vya kanisa, sufuria za pilau, na Mama Wambui ameketi akiamrisha wasichana wa kupika kwa mwiko uleule, au ndugu yake. Mwalimu alikuwa amevaa koti jipya, amezungukwa na wageni. Nikaona heri nitayarishe somo kabla. Nilitaka wanafunzi wamwone Mkwe uzito ukiwa kushoto, kwa sababu kulia huwadanganya watu; mkono wenye nguvu huficha kosa. Sikutaka kumsumbua mzee kwenye siku yake. Nikijua kwamba akipumzika uzito huachwa kulia, nikawaita vijana wawili, tukamtoa Mkwe kwa mlango wa nyuma, tukamgeuza taratibu, tukamrudisha kwenye panda. Ilikuwa dakika tatu tu.

Baada ya keki tukaingia sote stoo, wazee kwa vijana, tukajazana hadi mlangoni. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa Mathare mwenye mikono ya chuma, akalala benchini. Nikawaambia wenzake watazame mkono wa kushoto utakavyochelewa. Akasukuma. Kushoto kukapanda kama kawaida, na kulia kukabaki nyuma kukitetemeka. Musyoka, mvi kichwani sasa, akaanza kucheka kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu alinigeukia.

"Mueni. Ulimgeuza?"

"Nimemgeuza, Mwalimu. Sasa hivi tu."

"Kimyakimya?"

Nikainamisha kichwa. "Sikutaka kukusumbua."

Mwalimu akatazama dari, akatazama ratiba ya kwaya, ambayo bado ipo. "Mimi nilimgeuza asubuhi," akasema. "Na Musyoka alinisaidia. Nilijua utataka kushoto."

Stoo ililipuka. Yule wa mashoto alimwegemea jirani yake, wanafunzi wangu hawakujua wacheke au wasicheke, na kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Geuza!" na wote wakapokea. Mwalimu Ndegwa alisubiri kelele zipungue. Kisha akavua koti lake jipya, akampa Musyoka alishike, akakunja mikono ya shati. Nikamwambia hapana, vijana wapo. Hakunisikia, au alijifanya hasikii. Nikawahi upande wa kulia, nikamwachia wa kushoto, tukainama pamoja, tukainua.

"Umenipa mwepesi," akasema kwa sauti, wote wasikie.

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu, kwa sauti vilevile. "Nimekupa mwepesi." Tukamtoa Mkwe nje.